Kabla ya Kulipa Ada ya Chuo cha Picha

Ukienda kukikagua chuo kinachofundisha upigaji picha, usianzie studio. Huko utapelekwa tu, na utakuta taa zimepangwa zikapangika. Omba kuonana na mwanafunzi wa mwaka wa pili, umpe swali hili: bibi harusi mweusi wa rangi amevaa shela jeupe, bwana harusi yuko ndani ya suti nyeusi, wamesimama nje ya kanisa saa saba mchana, jua la utosi. Utawapigaje?

Kipima mwanga cha kamera hakijui harusi wala ngozi. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Shela likijaa kwenye fremu, kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso wa bibi harusi ukazama gizani. Suti ikijaa, huongeza mwanga, shela likaungua na nakshi zote alizolipia zikapotea. Mwanafunzi aliyefundishwa atakwambia kwanza anawatoa juani, anawapeleka kivulini. Kisha anapima mwanga wa uso peke yake, na hata hapo hakiamini kipimo moja kwa moja, kwa sababu kamera itataka kuifanya ngozi nyeusi kuwa ya kijivu. Anapunguza kidogo, anaongeza flashi hafifu au anamwita mtu ashike ubao mweupe wa kurudisha mwanga.

Akikujibu kwamba atarekebisha kwenye kompyuta, mshukuru, uendelee na safari.

Naling'ang'ania swali hili kwa sababu mambo ya ngozi nyeusi hayakuwa kipaumbele cha waliotengeneza vifaa. Kwa miongo kadhaa maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilipanga rangi kwa kutazama kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Chuo kikichukua mtaala wa nje kama ulivyo, mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kufundishwa nyuso za watu wa kwao.

Jambo la pili ni kikao cha kuhakiki picha. Mambo ya shata, lenzi na ISO mtu anajifunza YouTube kwa gharama ya bando. Asichokipata huko ni kubandika picha zake ukutani, mwalimu na wenzake wakamuuliza: kwa nini umesimama hapa? Huyu mtu alijua unampiga? Picha ya nne inafanya kazi gani ambayo ya tatu haijafanya? Omba uketi nyuma ya darasa siku ya kikao kama hicho. Kama chuo hakina siku hiyo, ada yake ni ya kukodi kamera.

Mfano wa shule iliyojengwa juu ya msingi huu ni Market Photo Workshop ya Johannesburg, iliyoanzishwa na mpiga picha David Goldblatt mwaka 1989, wakati sheria za ubaguzi wa rangi zingali zinafanya kazi. Si chuo kikuu. Mpiga picha Zanele Muholi alisoma hapo, akajenga kazi yake, na baadaye ndipo akaenda Toronto kuchukua shahada ya uzamili. Mpangilio huo naupenda: ufundi na jicho kwanza, shahada baadaye, ukiwa na kazi ya kuonyesha. Lakini si sheria. Priya Ramrakha wa Nairobi alikwenda kusomea picha Los Angeles akiwa kijana; Mohamed Amin, ambaye kazi yake ya mwaka 1984 iliuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia, alijifundisha mwenyewe.

Shahada ina mahali pake. Ukitaka kufundisha chuoni, kuajiriwa serikalini au kuendelea na uzamili, utadaiwa shahada hiyo, na hapo hakikisha programu inatambuliwa na mamlaka ya elimu: Tanzania uliza TCU kwa shahada na NACTVET kwa astashahada na stashahada, Kenya uliza CUE kwa shahada. Tahadhari moja tu. Katika vyuo vyetu vingi picha ni somo ndani ya uandishi wa habari au sanaa, si programu inayojitegemea. Omba orodha ya masomo ya miaka yote, uhesabu ni mangapi ya picha. Yakiwa mawili, unasomea kitu kingine, na pengine ni kizuri, ila ukijue.

Kuhusu vifaa, idadi ya kamera haisemi mengi. Uliza kama mwanafunzi anaruhusiwa kutoka nazo Ijumaa na kuzirudisha Jumatatu. Uliza pia nani anafundisha mikataba, hakimiliki na kupanga bei, maana mteja mwenye sherehe ya sendofu hulipa kianzio kwa bashasha, salio ndilo humfanya asipokee simu.

Mwisho, watafute wahitimu ambao hawamo kwenye kipeperushi cha chuo. Waulize kazi yao ya kwanza ya malipo waliipataje, na kama kuna mwalimu aliyewaunganisha.