Nyuma ya Kuta za Mikocheni

Kirikuu kilichobeba kitanda changu, jiko la gesi na ndoo nne kiliondoka Tandika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kuwahi foleni. Majirani niliowaacha walikuwa wameshatoa hukumu: "Unahamia ushuani, mwenzetu. Huko jirani akifiwa utajua kwa kuona turubai." Neno hilo lilinikaa rohoni njia nzima. Nimekulia Temeke, ambako chumvi ikikuishia unapaza sauti dirishani na kikombe kinakuja.

Nilichopata Mikocheni ni banda la uani, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mtumishi mstaafu. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja, bibi akapokea ya miezi sita. Nyumba yake ni ya chini, ina baraza pana na mwembe mbele. Usiku wa kwanza, nilipokwisha kumwamkia, aliniuliza kama najua mkoche. Sikujua. Akanieleza kwamba ni mti wa jamii ya mnazi, shina lake hugawanyika matawi, miyaa yake husukiwa mikeka na vikapu, nao ndio ulioupa mtaa jina. Mtaani kwetu sijauona hata mmoja.

Kushoto kwetu ni ofisi. Kulia palikuwa na nyumba kama ya bibi. Imeuzwa, imevunjwa, sasa ghorofa inapanda. Hesabu yake si ngumu: viwanja vya huku ni vikubwa, bahari iko karibu, Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wazee bado wanaiita Old Bagamoyo, inakupeleka mjini, na ukivuka Mwenge umefika Mlimani City, iliyofunguliwa mwaka 2006. Kiwanja kilichokaa familia moja sasa kinaweza kukaa ishirini, kila moja na kodi yake. Bei ya ardhi ikipanda hivyo, mrithi anayekataa kuuza anahitaji moyo mgumu.

Lakini mtaa niliupenda, na aliyenifanya niupende ni dada anayechoma vitumbua chini ya ukuta wa hiyo ghorofa. Saa kumi na mbili unga wake wa mchele na tui umeshaumuka. Anamimina kila kishimo robo tatu, anangoja ukingo ukauke, kisha anageuza kwa spoku ya baiskeli, mara moja tu, bila kutazama, huku akimuuliza mtu habari za mama yake. Pale wanasimama walinzi waliotoka zamu, dada wa kazi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kairuki, mafundi wenye saruji kwenye nyusi, na wenye magari wanaoteremsha kioo. Nyuma ya kuta hatuonani. Kwenye karai lile tunaonana wote.

Ni yeye aliyeniambia, wiki ya tatu, kwamba nyumba yenye geti jeusi wamefiwa. Nilijifunga khanga nikaenda. Jioni ile nilimenya vitunguu na wanawake ambao nilikuwa nimeona tu vioo vya magari yao, na mmoja akanikumbusha nipitie ofisi ya serikali ya mtaa nijiandikishe. Nawe ukihamia mahali, fanya hivyo mapema. Siku ukitaka barua ya utambulisho, ya kufungulia akaunti benki au kumdhamini ndugu, mtendaji akukute kwenye daftari.

Jumamosi nyingine nakwenda kwa miguu hadi Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichoanza mwaka 2008 huku kwenye eneo la viwanda vidogo. Wasanii wamegeuza makontena ya meli kuwa karakana zao. Unaingia, unamkuta mchoraji amekaa mlangoni, rangi imemkauka mikononi, unamuuliza anachofanya naye anakueleza. Sikuwahi kufikiri mtu kama mimi anaweza kuzungumza na mchoraji kama anavyozungumza na fundi cherehani. Na kwa wanaopenda vitabu, huko Regent Estate ndiko Demere Kitunga, mwandishi na mchapishaji, alikoanzisha mgahawa wa vitabu wa Soma.

Haya yote ndiyo yanayowavuta wageni kama mimi, na kila mgeni anayekuja na kodi kubwa zaidi anampa mwenye nyumba sababu ya kuipandisha. Mimi nimo. Nalijua hilo kila ninapolipa, na linaniuma, kwa sababu wa kwanza kuondoka si mwenye ofisi wala mwenye ghorofa.

Mwezi uliopita msimamizi wa ujenzi alimwambia dada wa vitumbua apishe, ukuta unavunjwa, geti la magari litakuwa pale. Hakubishana. Aliendelea kugeuza vitumbua, ila siku hiyo hakumuuliza mtu habari za mama yake. Nilimweleza bibi usiku. Alinyamaza, kisha akasema, "Mwambie asogee kwenye geti letu. Kivuli cha mwembe hakina mteja."

Jumamosi alfajiri tulihamisha. Mafundi wawili walishika meza, mlinzi wa ofisini akabeba mkaa, mimi nikabeba karai, bado zito kwa mafuta ya jana. Bibi alikwishatoa kigoda, amekaa barazani, anangoja cha kwanza.