Kamera Isiyo Kioo: Nimeipima Ukambani

Shahidi hakubaliwi kwa uzuri wa nguo zake. Kadhi humwuliza: Ulikuwapo? Uliona kwa macho yako? Huzidishi wala hupunguzi? Kamera nayo ni shahidi, na zama hizi neno lake huaminiwa upesi kuliko la mzee mwenye mvi zake. Ndiyo maana sioni faida ya kuisifu kamera kwa wingi wa vitufe vyake. Yafaa tuihoji kama tunavyomhoji shahidi yeyote, kisha tujue tuipokee ama tuirudishe.

Kwa kazi hiyo sidhani kama kuna mahali panapofaa kuliko Kitui na Makueni. Jua la huko halina huruma, vumbi ni jekundu, nyumba nyingi zina madirisha madogo, na nyuso za watu ni nyeusi kama zetu. Tena ni huko ndiko ulikotoka ushahidi mmoja mashuhuri uliokataliwa. Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai, nyuma ya Mombasa yetu, aliuona Mlima Kenya na theluji yake akiwa Kitui. Alikuwa mgeni wa Kivoi, tajiri wa Kikamba ambaye misafara yake ilikuwa ikishusha pembe za ndovu pwani. Mwenzake, Rebmann, alikuwa ameiona Kilimanjaro mwaka 1848. Huko London bingwa wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kutia mguu huku, alizikanusha habari hizo za theluji karibu na Ikweta. Krapf hakuwa na picha ya kuwaonyesha. Alikuwa na ulimi wake tu.

Mimi nilikuwa na picha, ama tuseme nilikuwa na chombo cha kuzipigia. Ni Sony Alpha 6000, mali ya mpwa wangu, aliyeinunua mkono wa pili na anayeitumia katika harusi. Si mpya, kwani ilitolewa mwaka 2014 na wadogo zake ni wengi. Lakini aghlabu mtu wa kipato chetu hununua kilichokwisha kutumika, basi hicho ndicho cha kupimwa.

KIOO KILICHOONDOLEWA

Msomaji atauliza, kamera isiyo kioo ni ipi, ilhali lenzi yenyewe ni kioo? Kioo kinachosemwa hapa ni kile cha kujitazamia. Katika zile kamera nene za wapiga picha wa magazeti, nuru ikipita kwenye lenzi hukutana na kioo kilichoinamishwa, ikatupwa juu mpaka kwenye jicho la mpigaji. Akibonyeza, kioo huruka, pazia likafunguka, picha ikanaswa. Kamera ya namna mpya imekiondoa kioo hicho. Nuru huingia moja kwa moja mpaka kwenye kibao kinachoipokea, nacho hupeleka taswira kwenye kiwambo kidogo sana kilichomo ndani ya tundu la kutazamia. Panasonic ilifungua njia hiyo kwa Lumix G1 mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata.

Waama, huko ni kurudi kwenye asili. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manadhir katika karne ya 11, alieleza kuwa tunaona kwa nuru inayotoka kwenye kitu ikaingia machoni, na alichunguza nuru ipitayo katika tundu dogo mpaka ndani ya chumba chenye giza. Chumba cha giza, tundu, na ukuta wa kupokea: kamera hii haina zaidi ya hayo, ila umeme.

MKONONI

Kamera ikiwa na betri yake ina uzito wa gramu 344. Ukiitia lenzi ndogo inayouzwa nayo, ya milimita 16 hadi 50, bado haifiki nusu kilo. Nilipanda basi la Mombasa nikashuka Kibwezi, nikashika njia ya Ikutha na Mutomo kwenda Kitui, na muda wote ilikaa katika mkoba mmoja na msala wangu na taulo. Sokoni Mutomo hapana aliyegutuka. Ukubwa wa chombo hutia watu hofu, au huwafanya wajipange kama askari gwarideni. Hiki ni kidogo, na watu waliendelea na bei zao za pojo na mbaazi.

Kiwambo cha nyuma hukunjuka. Mtu akiwa ameketi chini, waweza kuiweka kamera mapajani, ukainamisha macho kidogo na huku mnazungumza, usoni pako pasizibwe na kitu. Hilo kwangu ni jambo la adabu kabla ya kuwa jambo la ufundi. Ila jua la saa sita likikipiga kiwambo hicho huoni kitu, na hapo ndipo tundu la kutazamia linapokuokoa. Kiwambo hakisikii kidole. Kila kitu ni kwa vitufe na gurudumu, na orodha ya mipango yake ni ndefu kama mashtaka ya mtu mgomvi. Mgeni wa kamera hii ajifunze nyumbani kwanza, asijifunzie kwenye arusi ya mtu.

Kwa wepesi, haina mshindani wa bei yake. Ina sehemu 179 za kutafutia shabaha, na ukishikilia kitufe hupiga picha 11 kwa sekunde moja. Mbuzi waliovuka barabara mbio karibu na Ikutha niliwapata wote, na kila mmoja pembe zake zahesabika.

USO NA KANZU

Sasa tuingie kwenye swali kubwa la kadhi: je, hupunguzi?

Kipimo cha nuru cha kamera hufanya kazi kwa kudhani kuwa mandhari yote ikichanganywa itatoka rangi ya kijivu. Mweke mtu mweusi mbele ya mbingu nyeupe ya Kitui, kamera itaona weupe umezidi, ipunguze nuru, na uso wa mtu ugeuke kaa la moto lililozimika. Dhuluma ya namna hii haikuanza leo. Katika zama za filamu Kodak iligawia wasafishaji picha kadi ya mwanamke wa Kizungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley, wapimie rangi ya ngozi. Ngozi yake ikitoka sawa, kazi imekwisha. Ngozi zetu zilijitafutia wenyewe.

Kamera isiyo kioo haikuondoa tatizo hilo, lakini imempa mpigaji dawa yake. Kwa kuwa kinachoonekana ndani ya tundu ni taswira yenyewe jinsi itakavyotoka, unaiona dhuluma kabla hujaitenda. Nje ya msikiti mjini Kitui, baada ya sala ya Ijumaa, mzee mmoja aliniruhusu nimpige. Uso wake ni mweusi wa kung'aa, kanzu yake nyeupe mpya. Nilizungusha gurudumu niongeze nuru daraja moja, uso ukafunguka, makunyanzi ya kicheko yakatokea. Papo hapo juu ya kanzu ikapita mistari kama ya pundamilia. Huo ni mpango wa kamera wa kukuonya kuwa weupe unaungua na nyuzi za kitambaa hazitabaki. Nikamwomba mzee tusogee kivulini, chini ya mwembe. Uso ukakaa, na kanzu ikakaa. Kamera ilisema kweli ilipoulizwa vizuri.

Ila jambo moja: pazia lake lina mlio, na hakuna namna ya kuunyamazisha kabisa. Ndani ya msikiti watu wakiwa kwenye ibada, iache mkobani.

NDANI YA NYUMBA

Upande wa Mutomo nilifika kwa bibi mmoja msusi wa vyondo, ambavyo wenyewe huita syondo. Husuka kwa uzi wa mkonge, katika chumba chenye dirisha moja. Hapo ndipo wepesi wa kibao kuihisi nuru hupimwa. Kwa daraja la 3200 kila uzi ulionekana, na chembechembe za picha zilikuwa laini kama unga wa sembe. Nilipopanda 6400 chembe zikawa mchanga, na mistari ya kahawia na myeusi ya kyondo ikaanza kuingiliana. Vidoa vyake milioni 24 vinatosha kusafishia picha kubwa ya ukutani, maadamu nuru haikukosekana.

Lenzi ile ndogo ndiyo duni katika jozi hii. Ikifunguliwa kwa upana, pembe za picha hulegea. Na alfajiri moja Kitui nilipouona ule mlima wa Krapf, hata kwa milimita 50 ulitoka mdogo kama ukucha. Mwenye kutaka nyuso atafute lenzi ya milimita 50 yenye tundu pana. Mwenye kutaka milima atafute ndefu zaidi.

Vumbi nalo lisisahauliwe. Kioo kikishaondoka, kile kibao cha kupokea nuru kiko wazi mara tu lenzi inapotolewa, na kamera hii haikuzibwa dhidi ya maji wala mavumbi. Badilisha lenzi kivulini, mdomo wa kamera ukitazama chini. Betri pia ni ndogo: kwa kipimo cha watengenezaji ni picha kama 310 ukitumia tundu la kutazamia. Mwenye harusi ya usiku kucha asiende na moja.

HAKI YA MWENYE SURA

Yule bibi wa Mutomo alinitazama nikiitoa kamera, akasema: "Mwanangu, waliokuja wakati wa njaa walinipiga picha nimeshika sufuria tupu. Walikwenda nayo. Mimi sijaiona mpaka leo."

Nikamwambia, "Bibi, wewe utasema nipige nini."

Akasema nisimpige akisokota uzi, kwa kuwa uzi husokotwa pajani. Nipige mikono yake ikisuka, kisha nimpige yeye amevaa leso mpya na kyondo kilichokwisha. Kila picha aliiangalia kwenye kiwambo. Mbili alizikataa, nikazifuta mbele yake.

Picha inaweza kuokoa watu. Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu, alipopeleka kwa ulimwengu picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, nchi zilizolala ziliamka. Lakini njaa ikipita, mtu haachi kuwa mtu, na haifai abaki duniani kote kwa jina la sufuria tupu. Hakuna kampuni inayoweza kuitia insafu hiyo ndani ya kamera.

Niliporudi Mombasa nilisafisha picha tatu, nikazituma kwa basi hadi Mutomo. Mjukuu wake alinipigia simu kunijulisha kuwa zimefika, na kwamba ile ya mikono ndiyo iliyotundikwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa mwandishi, kwa kijana wa harusi, na kwa msafiri asiyetaka mzigo, Alpha 6000 ni shahidi wa kukubaliwa, mradi mpigaji ajue kuihoji. Anayekwenda kuinunua mkono wa pili aikague mbele ya ukuta mweupe kama kibao chake kina madoa, ajaribu kila kitufe, na fedha zake asizimalize zote dukani. Abakishe za betri ya pili, na za kusafishia picha za watu atakaowapiga.