Zombi, Msukule na Zimwi: Mlinganisho wa Sinema Mbili za George Romero

Madhumuni ya makala hii ni kulinganisha sinema mbili za Mmarekani George A. Romero, aliyefariki mwaka 2017: Night of the Living Dead ya mwaka 1968, na Dawn of the Dead ya mwaka 1978 iliyoifuatia. Yamkini msomaji atauliza sinema za kutisha zamhusu nini mwanachuoni wa lugha. Jibu ni kwamba tofauti ya sinema hizi yaanzia katika jina la viumbe vyake, na mfasiri wa Kiswahili asiyelipima jina hilo atawapotosha watazamaji wake.

1. Jina

Neno zombi liliingia katika Kiingereza kutoka Haiti. Wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo na Angola, ambako Kikongo kina nzambi, yaani Mungu, na Kimbundu kina nzumbi, yaani roho ya mfu. Haifai kuliunganisha na mzimu wetu kwa kufanana kwa sauti tu. Haiti ilikuwa koloni la Wafaransa lililotegemea kazi za watumwa, kabla ya kujipatia uhuru mwaka 1804. Zombi wa huko ni maiti aliyeinuliwa kwa uchawi ili amtumikie bwana wake. Hali watu, msiba wake ni kwamba hata kifo hakikumtoa utumwani. Kwa maana hiyo maneno yetu msukule na ndondocha yamfaa sana, kwani nao hutumikishwa na mchawi.

2. Sinema ya kwanza

Katika sinema ya mwaka 1968 neno zombi halitamkwi hata mara moja. Watangazaji wa habari ndani ya hadithi huwaita wafu hao kwa neno la Kiingereza lililotokana na Kiarabu ghul, jini mla maiti. Wala hawakukosea, maana wafu hawa hawana bwana. Wana njaa tu. Watu saba wamekimbilia nyumba moja ya shamba katika Pennsylvania, nao waangamia si kwa nguvu za adui bali kwa kutosikilizana.

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sinema hii yaikanusha methali hiyo moja kwa moja. Barbra avutwa nje na Johnny, nduguye wa tumbo moja. Mtoto Karen amla baba yake na kumwua mama yake. Kujuana hakuokoi tena, na hapo ndipo penye hofu yake halisi.

Ben, aliyechezwa na Duane Jones, mtu mweusi, apona usiku kucha, kisha asubuhi apigwa risasi na wawindaji wa wafu waliomdhania kuwa mmoja wao. Romero alieleza kwamba Jones alichaguliwa kwa kuwa aliwashinda wengine katika majaribio, si kwa rangi yake. Lakini Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili 1968, na sinema ilitoka Oktoba. Watazamaji hawakuweza kuutenga mwisho ule na habari za nchi yao.

3. Sinema ya pili

Ya kwanza iligharimu dola 114,000 hivi, tena ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Ya pili ina rangi kamili, na damu nyingi iliyotengenezwa na fundi Tom Savini. Huko Italia iliitwa Zombi, na hivyo jina likawakaa viumbe hawa moja kwa moja.

Watu wanne wajificha katika jengo kubwa la maduka, lile la Monroeville karibu na Pittsburgh, lililofunguliwa mwaka 1969. Humo wana kila kitu, wala hawana la kufanya. Wafu nao humiminika pale pale, kwa kuwa, kama aelezavyo Stephen, wamebakiwa na kumbukumbu ya mahali walipopathamini. Stephen mwenyewe afapo na kuinuka, awaongoza wafu wenziwe hadi maficho ya rafiki zake. Basi zimwi sasa lajua, lakini lajua njia tu, wala halimjui mtu. Methali yapinduliwa mara ya pili, na kwa uchungu zaidi. Hata hivyo Peter, mtu mweusi, na Fran, mwenye mimba, waokoka kwa helikopta yenye mafuta machache.

4. Hukumu

Sinema ya kwanza ina mkazo zaidi; hakuna tendo ndani yake lisilosukuma mbele maangamizi. Ya pili ni ndefu na hulegea katikati, ila fikira yake ni pana zaidi. Wafu wake wamerudia utumwa usio na bwana: wanatumikishwa na desturi yao wenyewe ya kununua. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, msukule halifai kwa sinema ya kwanza, ambako zimwi lakaribia zaidi ukweli. Kwa ya pili laweza kutumika, mradi mfasiri akumbuke kwamba mchawi wa msukule huyu haonekani popote katika jengo lile.