UNAONA MBALI LAKINI HUWEZI KUSIMAMA: Ndani ya kichwa cha treni ya mizigo kwenye nyanda za Kanada

Najua wengi wenu mkishamaliza kusoma barua pepe pale kafe, dakika zinazobaki mnazimalizia kwenye video. Kuna zile ambazo kamera inafungwa kwenye kioo cha mbele cha kichwa cha treni. Reli imenyooka kama rula, kulia ngano, kushoto ngano, juu mbingu, basi. Nusu saa nzima hakuna kona wala mlima. Mtu akiangalia anasema hii ndo kazi rahisi kuliko zote duniani: usukani hakuna, foleni hakuna, trafiki hakuna, jamaa anakaa tu analipwa.

Leo nataka tuichambue hiyo kazi, maana ukweli uko kinyume. Pale penye tambarare ndipo dereva anapata shida ambayo wa milimani haipati kwa kiasi kile. Na watu wameshakufa kwa sababu yake. Twende taratibu.

NI WAPI HUKO?

Nyanda hizo wenyewe wanaziita prairi. Zamani zilikuwa majani matupu na nyati, leo ni mashamba makubwa ya ngano na kanola. Kwa Kanada zimelala kwenye majimbo matatu: Manitoba, Saskatchewan na Alberta. Zinavuka mpaka kuingia Marekani na kuteremka mpaka Oklahoma na Texas.

Tuchukue njia moja ya kweli, ile ya kampuni ya CN inayopita mji wa Melville kwenda Saskatoon, jimbo la Saskatchewan. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kampuni ya Grand Trunk Pacific. Jina la Melville lenyewe linatokana na rais wa kampuni hiyo, Charles Melville Hays, ambaye alikufa kwenye meli ya Titanic mwaka 1912.

Sasa sikia kituko. Vituo vilikuwa vingi mno, wakaamua kuvipa majina kwa kufuata alfabeti! Ukitoka Melville kwenda magharibi unapita Fenwood, Goodeve, Hubbard, Ituna, Jasmin, Kelliher... mpaka unafika Raymore, Semans, Tate, Undora, Venn, Watrous, Xena, Young, halafu Zelma. Baadhi leo vimebaki majina tu. Kwa nini vilikuwa karibu karibu? Kwa sababu mkulima alipeleka nafaka stesheni kwa mkokoteni wa farasi na ilibidi arudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kila kituo kikawa na ghala refu la nafaka, na ghala hilo unaliona ukiwa bado mbali sana. Dereva analitazama, analitazama, dakika zinapita, bado hajalifikia. Weka hilo akilini, tutalirudia.

NDANI YA KICHWA KUNA NINI?

Kwanza sio kila mtu anapanda. Abiria, ndugu au rafiki haruhusiwi mle ndani bila kibali cha kampuni. Wanaokuwemo kwa kawaida ni wawili: dereva na kondakta. Na huyu sio konda wa daladala wa kudai nauli! Kondakta wa treni ya mizigo ndiye mwenye karatasi za treni. Anajua behewa lipi liko wapi na lipi lina mzigo wa hatari. Anashuka kubadilisha njia, na kama kuna kitu kimeharibika huko nyuma, ni yeye anatembea kwa miguu kwenda kuangalia, hata kama ni usiku na theluji. Akiwa ndani ana kazi nyingine kubwa: kutazama taa za ishara pamoja na dereva. Mmoja akiiona anaitaja kwa sauti na mwenzake anairudia. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ndo kinga yao ya kwanza.

Mbele ya dereva hakuna usukani, treni inafuata reli. Kuna mkono wa kuongeza nguvu wenye ngazi 8, mikono ya breki, honi, redio ya upepo na skrini. Injini kubwa ya dizeli iliyoko nyuma ya chumba chao haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazalisha umeme, na umeme ndio unaendesha mota zilizoko kwenye ekseli. Kichwa kimoja cha kisasa kina nguvu ya farasi kama 4,400 hivi, na treni moja inaweza kuwa na vichwa viwili au vitatu. Siku hizi kimoja huwekwa katikati au mwishoni kabisa bila mtu ndani, na dereva wa mbele anakiendesha kwa mawimbi ya redio.

UZITO, NDUGU ZANGU

Hapa ndo pa kuelewa. Behewa moja la nafaka likijaa lina uzito wa karibu tani 130. Yafunge 100. Hizo ni tani 13,000. Treni nyingine za huko zina urefu wa kilomita 3, yaani kama viwanja 30 vya mpira vikipangwa kwa urefu. Mkia dereva hauoni. Kinachompa habari za nyuma ni kifaa kidogo kilichofungwa kwenye behewa la mwisho, kinamtumia kiwango cha upepo wa breki kwa redio. Pembeni mwa reli nako kuna mitambo ya kupima joto la magurudumu. Treni ikishapita, mtambo unaongea wenyewe kwenye redio: umekuta kasoro, au hakuna kasoro.

Treni hiyo ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 88 kwa saa, dereva akivuta breki ya dharura, inaweza kwenda kilomita moja na nusu au zaidi ndipo isimame. Sio breki mbovu. Ni uzito, na ni chuma juu ya chuma. Kile kinachofanya treni ivute mzigo mkubwa kwa mafuta kidogo ndicho hicho hicho kinachoifanya isisimame.

Halafu breki zenyewe ni za upepo, mpango uliotokana na George Westinghouse wa Marekani tangu miaka ya 1870. Bomba moja limepita chini ya mabehewa yote. Upepo ukiwa umejaa, breki zimeachia. Ukipunguzwa, breki zinakamata. Ujanja wake ni kwamba treni ikikatika vipande viwili, upepo unatoka na breki zinakamata zenyewe. Ubaya wake ni baridi. Saskatchewan wakati wa baridi inaweza kushuka mpaka digrii 40 chini ya sifuri. Mipira ya kwenye viungo inakakamaa, upepo unavuja, na kuufikisha mkiani inakuwa shida. Ndo maana baridi ikizidi digrii 25 chini ya sifuri kampuni zinafupisha treni.

Na hiyo tambarare yenyewe sio tambarare kabisa. Kuna vibonde virefu ambavyo kwa jicho huvioni. Treni ya kilomita 3 inaweza kuwa kichwa kinapanda, katikati inateremka na mkia unapanda. Kila kiungo kati ya mabehewa kina nafasi kidogo ya kucheza. Zidisha mara 100 na upate mita kadhaa za chuma zinazovutika na kusukumana. Dereva akikosea, mabehewa yanagongana yenyewe au kiungo kinakatika. Kwa hiyo yule unayemuona kwenye video amekaa tu, kichwani anahesabu: mkia wangu sasa hivi uko wapi?

HONI KILA BAADA YA DAKIKA

Mashambani kule barabara zilipimwa kwa mraba, karibu kila maili moja au mbili kuna barabara ya vumbi inakatiza reli. Vivuko vingi havina geti wala taa, ni kibao tu cha msalaba. Kila kimoja dereva anapiga honi: ndefu, ndefu, fupi, ndefu. Kwa mwendo ule ni kila baada ya dakika moja au mbili, zamu nzima.

Unajiuliza, mahali peupe kama pale mtu anagongwaje na treni? Anaiona tangu mbali! Tatizo ndo hilo. Kumbuka ghala la nafaka lisilofikika. Jicho la binadamu linadanganywa na kitu kikubwa kinachokuja kwenye uwazi. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, alieleza kwamba kitu kikubwa kinaonekana kwenda polepole kuliko mwendo wake halisi. Mwenye pikapu anaitazama treni, anasema bado iko mbali, nawahi. Na dereva wa treni anaiona hiyo pikapu vizuri kabisa. Anaona vumbi lake, anaona haipunguzi mwendo. Anapiga honi, anavuta breki, halafu hana la kufanya zaidi. Wapo madereva wanaokaa na picha hiyo kichwani miaka mingi. Ukiwa barabarani, popote pale, usimwachie dereva wa treni uamuzi. Yeye hana.

ADUI MKUBWA NI USINGIZI

Sasa chukua mtu, mweke kwenye kiti, mpe mandhari isiyobadilika, mngurumo usiobadilika, saa 9 za usiku. Treni za mizigo nyingi hazina ratiba kama basi. Simu inalia, unaitwa, unakwenda. Leo umeamka asubuhi, kesho unaanza kazi usiku wa manane. Marekani sheria inaruhusu zamu isizidi masaa 12 na mapumziko ya masaa 10. Kanada kanuni mpya za mizigo zilizoanza mwaka 2023 nazo zimeweka kikomo cha masaa 12. Lakini mapumziko kwenye karatasi na usingizi wa kweli ni vitu viwili.

Tarehe 8 Februari 1986, kwenye reli hiyo hiyo kuu ya CN lakini mbele zaidi magharibi, karibu na Hinton, Alberta, treni ya mizigo ilipita ishara ya kusimama na kugongana uso kwa uso na treni ya abiria. Watu 23 walikufa. Tume ya Jaji René Foisy ilikuta wafanyakazi wa treni ya mizigo walikuwa wamelala kidogo sana, na ikalaumu mazoea ya kazi ndani ya reli badala ya kumsukumia mzigo mtu mmoja aliyekufa. Wakati ule kulikuwa na pedali ambayo dereva anatakiwa kuikanyaga muda wote, na ilijulikana kwamba baadhi walikuwa wanaiwekea kitu kizito juu yake. Siku hizi kuna kengele: usipogusa chochote kwa muda, taa inawaka, mlio unaanza, na usipojibu treni inajifunga breki yenyewe. Inasaidia. Lakini mtu anaweza kubonyeza kitufe huku akili imelala.

Tuvuke mpaka twende kusini mwa nyanda hizo hizo. Tarehe 24 Juni 2012, karibu na Goodwell, Oklahoma. Saa 4 asubuhi, jua limewaka, pametandazika kama meza. Treni mbili za mizigo za Union Pacific ziligongana uso kwa uso. Watatu walikufa, mmoja aliruka akapona. Bodi ya uchunguzi ya Marekani iligundua kwamba dereva wa treni moja alikuwa na matatizo makubwa ya macho, hakuweza kusoma taa za ishara sawasawa. Na kondakta wake? Bodi ilisema hakuwa anashiriki kazi yake. Yaani lile jambo dogo la kutaja taa na kurudiana halikumwokoa mtu. Mchana kweupe!

KWA HIYO?

Marekani ilipitisha sheria mwaka 2008 ya kuweka mtambo unaosimamisha treni wenyewe kama dereva amepita ishara, na mwisho wa 2020 mtambo huo ulikuwa umefungwa kwenye njia zote zilizotakiwa. Goodwell ilikuja kabla haujafika pale. Baada ya mtambo, baadhi ya kampuni zikasema basi, mtu mmoja anatosha. Vyama vya wafanyakazi vikakataa, na mwaka 2024 serikali ya Marekani ikatoa kanuni ya kutaka kwa kawaida wawe wawili. Kanada nako, Agosti 2024, CN na CPKC zilifungia nje wafanyakazi zaidi ya 9,000 baada ya mazungumzo kukwama, na moja ya mambo makubwa mezani lilikuwa ratiba na uchovu.

Ukisikia mabishano hayo usidhani ni ya mshahara tu. Ni kuhusu nani anakaa kwenye kiti cha pili saa 9 usiku, mbele reli imenyooka, nyuma tani 13,000, na taa moja ndogo inakuja kwa mbali. Kama ni nyekundu, lazima mtu mmoja aitaje na mwingine aisikie. Uwazi wa nyanda zile hautawasaidia, maana kuona mbali sio sawa na kuweza kusimama.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama kuna mtu ana ndugu anafanya kazi reli, popote, atudokeze: kwao wanapambana vipi na usingizi? Dondosha maoni hapo chini.