Mlinda Mlango Chipukizi: Tatizo la Majira na la Istilahi

Miongoni mwa maandishi ya michezo yanayotafsiriwa hivi sasa ni miongozo ya kufundishia walinda mlango wa umri mdogo. Miongozo hiyo huandikwa hasa Ulaya na Marekani, nayo hugawa mazoezi katika vipindi viwili: kile cha majira ya joto, shule zikiwa zimefungwa, na kile cha majira ya majani kupukutika, mechi zikiwa zimeanza. Mwalimu wa michezo aliyeko Morogoro mjini, Matombo au Mgeta akiletewa tafsiri yake hukuta Kiswahili kisicho na kosa la sarufi, lakini asijue aanze lini, awafundishe watoto wa umri gani, wala afanye nini hasa anapoambiwa kuwa kipa "aokoe mpira". Katika makala haya tutajaribu kueleza chanzo cha matatizo hayo na kupendekeza njia ya kuyaondoa. Maoni yaliyomo ni ya mwandishi, wala si uamuzi wa Baraza.

Majira si msimu

Wafasiri wengi huandika "kiangazi" kwa majira ya joto ya kaskazini, na "vuli" kwa majira yanayofuata. Kamusi za lugha mbili zimewaruhusu, na katika riwaya jambo hili halina madhara makubwa, kwani msomaji wa habari za London anajua kuwa yuko London. Mwongozo wa mazoezi ni andiko la namna nyingine. Unamwamuru mtu atende, na maneno ya wakati yaliyomo ndani yake ni sehemu ya amri.

Tuangalie Morogoro. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo kaskazini ni ya joto, huko ni ya kipupwe: asubuhi ni baridi, mvua ni haba, na ukungu hukaa juu ya kilele cha Bondwa hadi jua lipande. Kiangazi cha jua kali ni Januari na Februari, baina ya vuli na masika. Lakini wako pia wanaokiita kiangazi kipindi chote cha ukavu kuanzia Juni hadi Oktoba. Basi mwongozo usemao "mazoezi ya kiangazi" huweza kufahamika kwa namna mbili katika mji mmoja, na namna zote mbili zisilingane na makusudio ya aliyeuandika. Juu ya hayo, Uluguru haina hali moja ya hewa. Upande wa mashariki, kama vile Kinole na Tegetero, mvua hunyesha karibu mwaka mzima na hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali upande wa magharibi umo katika kivuli cha mvua. Mwalimu wa Kinole akingoja kiangazi ili aanze, huenda asianze kabisa.

Kosa la "vuli" ni gumu zaidi kuonekana, kwa sababu miezi inakaribiana. Vuli yetu ni Oktoba hadi Desemba, na majira ya majani kupukutika huko kaskazini ni Septemba hadi Novemba. Hata hivyo hali zenyewe hazifanani. Mwongozo unamshauri mwalimu arefushe mazoezi ya kupasha mwili moto kwa sababu ya baridi, na amalize mapema kwa sababu giza huingia upesi. Morogoro, iliyo karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, saa ya kuchwa kwa jua haibadiliki sana mwaka mzima. Na katika vuli tatizo la kipa ni joto, mvua za kwanza, tope mbele ya goli na mpira unaoteleza mikononi. Mwalimu anayeufuata mwongozo neno kwa neno atawakimbiza watoto muda mrefu juani kwa ajili ya baridi isiyokuwapo.

Yupo aliyependekeza tutumie "demani", neno la mabaharia wa pwani kwa kipindi ambacho kusi inapungua nguvu na kaskazi haijaanza. Ni neno zuri, nasi tungependa liishi. Lakini mwalimu wa Mgeta, ambaye majira yake hupimwa kwa kupanda na kuvuna mboga na si kwa pepo za bahari, hatanufaika nalo.

Ufumbuzi, kwa maoni yetu, unaanza kwa kutenganisha maneno mawili ambayo magazeti huyachanganya, yaani "majira" na "msimu". Majira yabaki kuwa ya hali ya hewa: masika, kipupwe, vuli, kiangazi. Msimu uwe wa shughuli, kama tunavyosema msimu wa korosho au msimu wa ligi. Tukifanya hivyo tutaona kwamba mwandishi wa mwongozo anapotaja majira ya joto, mara nyingi hakusudii joto. Anakusudia kipindi kisicho na mashindano, ambacho mtoto hufundishwa mambo mapya bila hofu ya kufungwa. Na anapotaja majira yanayofuata, anakusudia kipindi cha mechi, ambacho mwalimu hurekebisha kidogo kidogo na kupunguza mzigo wa kazi. Hivyo basi tafsiri iwe "mazoezi ya kabla ya msimu" na "mazoezi ya wakati wa msimu".

Hapo jambo jingine hujitokeza. Kwa shule zetu kilele cha mashindano ni UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, na kwa desturi mashindano hayo hufanyika katikati ya mwaka. Kabla ya msimu, kwa mwanafunzi wa Morogoro, ni Machi, Aprili na Mei. Hiyo ni masika! Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nyasi kavu na siku ndefu unapaswa kutumika wakati mito ya Uluguru imejaa na uwanja wa shule umegeuka jaruba. Mfasiri hawezi kuigeuza mvua, lakini anaweza kuyatenga mambo mawili ambayo lugha ya asili imeyafunga katika neno moja: lengo la kipindi, na hali ya uwanja. Lengo lihamishwe jinsi lilivyo. Hali ya uwanja iandikwe kwa masharti: "uwanja ukiwa mkavu, fanya hivi, ukiwa na tope, fanya vile." Katika kipindi cha tope mwalimu anaweza kufundisha namna ya kusimama, namna ya kuweka mikono, na mpira wa chini unaoteleza, ambao ni somo lake peke yake.

Kijana ni nani?

Neno la pili linaloleta hatari ni "vijana". Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35. Miongozo tunayoizungumzia huanza na watoto wa miaka 7 au 8. Mfasiri akiandika "mazoezi ya walinda mlango vijana", msomaji mtumishi wa serikali atamfikiria mtu mzima, na hata mwalimu ataona halali kumweka mtoto wa darasa la nne katika goli kamili.

Goli kamili lina upana wa meta 7.32 na kimo cha meta 2.44. Mtoto wa miaka 9 hafikii mwamba wa juu hata akiruka, na kila mpira wa juu ni bao. Matokeo yake ni kwamba anajifunza kushindwa, au anaachia nafasi hiyo na kupewa yule mrefu kuliko wote, si yule anayeipenda. Sheria za mchezo zinaruhusu kupunguza ukubwa wa uwanja, wa goli na wa mpira kwa ajili ya watoto, na mpira namba 4 unafahamika vyema madukani. Tunapendekeza "watoto" kwa walio chini ya miaka 12 na "chipukizi" kwa wanaofuata hadi miaka 17, na kila mara umri utajwe kwa tarakimu. Chipukizi ni neno lililokwisha kukubaliwa na wapenzi wa michezo. Halihitaji kutangazwa upya.

Jina la mchezaji

Hapa hatutakawia. Golikipa, kipa, mlinda mlango, mlinda lango na mdakaji yote yanatumika, na yote yanafahamika. Katika maandishi rasmi "mlinda mlango" lina sifa njema ya kufuata kanuni ya lugha: kitenzi kikifuatwa na yambwa yake huishia na -a, kama katika mpiga ngoma na mla rushwa, ambapo nomino ya pekee huishia na -i au -aji. Ndiyo maana "mlinzi" amekuwa beki, na "mlinzi wa mlango" ni bawabu. Wingi wake ni "walinda mlango". "Walinda milango" tunaiona katika magazeti, na haituridhishi, kwa sababu kila mmoja ana mlango mmoja tu. Kwa kufundishia, hata hivyo, "kipa" lisidharauliwe. Ni fupi, linaitika uwanjani, na hakuna mtoto wa Kihonda au Msamvu atakayeita mwenzake "mlinda mlango, toka!"

Vitendo vya mikono

Ni katika vitenzi ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake, na ndipo wafasiri wanapokuwa mabahili. Tafsiri nyingi hutumia "kuokoa" kwa kila kitendo cha kipa. Mwalimu hawezi kufundisha kuokoa. Kuokoa ni tokeo. Kinachofundishwa ni kitendo.

Watangazaji wa mpira wa Redio Tanzania Dar es Salaam, katika miaka ambayo taifa zima lilisikiliza redio moja, waliwaonyesha wasikilizaji kitu wasichokiona, hivyo walilazimika kuwa na neno kwa kila jambo. Waliosikiliza habari za fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 nchini Nigeria, ambako Juma Pondamali na Athumani Mambosasa walikuwa makipa wetu, na waliotazama zile za Misri mwaka 2019, Aishi Manula akiwa langoni, wanaunganishwa na msamiati ule ule.

"Kudaka" ni kupokea kwa mikono kitu kilichorushwa kabla hakijaanguka, na lilikuwa la maembe na mawe kabla ya kuwa la mpira. Libaki kwa mpira ulioshikwa ukatulia. Hapa mwongozo hutofautisha mpira wa juu, ambapo vidole gumba hukaribiana nyuma ya mpira, na mpira wa chini, ambapo vidole huelekea ardhini na vile vya mwisho ndivyo vinavyokaribiana. Kwa huu wa pili tunapendekeza "kuzoa": kipa huinama, mikono ikatangulia, mpira ukapanda kifuani. Asemaye "daka mpira wa chini" hajakosea, lakini "zoa" humwonyesha mtoto umbo la mkono.

"Kupangua" ni kuubadilishia mpira njia bila kuushika. Kitenzi hiki ni kinyume cha kupanga, na adui alikuwa amepanga shambulio. Sijui istilahi gani ya kubuniwa ingekuwa bora kuliko hii. "Kupiga ngumi" kunajieleza. "Kutema" ni kuushika mpira kisha ukaponyoka mbele ya washambuliaji, na ni neno la thamani kubwa kwa mwalimu, maana linataja kosa kwa silabi tatu pale ambapo mwongozo wa kigeni hutumia mstari mzima. Wako wanaoliona kuwa la mitaani. Sisi hatuoni sababu ya kulikataa.

"Kuchupa" ndilo neno la kutazamwa kwa uangalifu kuliko yote, kwa kuwa hapa mtoto huweza kuumia. Tafsiri nyingi huandika "kuruka", na mtoto aliyeambiwa aruke huruka juu, kisha huanguka kwa kiwiko au kwa tumbo. Kuchupa ni kujitupa upande na kufika ardhini kwa ubavu wa mguu, nyonga na bega, kwa mfuatano. Hufundishwa kwa hatua nne: akiwa ameketi, akiwa amepiga magoti, akiwa amechuchumaa, na mwisho akiwa amesimama. Mfasiri asizipunguze hatua hizo kwa ajili ya ufupi. Katika kipupwe viwanja vingi vya Morogoro huwa vigumu kama sakafu, na mwongozo unaosema "juu ya nyasi laini" haumsaidii mtu. Mkoa huu unalima mpunga kwa wingi. Magunia ya pumba yaliyotandazwa hufanya kazi ile ile, na mfasiri mwenye busara angeweza kuandika "juu ya nyasi laini, mchanga au magunia ya pumba".

Liko pia jambo la kipa kutoka mlangoni kumkabili mshambuliaji, ili sehemu ya goli inayoonekana kwa mpigaji ipungue. Tafsiri za "kupunguza pembe" zimemchanganya zaidi ya mwalimu mmoja, kwani pembe ya uwanja ni mahali pa kona. "Kuziba goli" ni wazi zaidi, na halihitaji elimu ya jiometri.

Mwisho, mfasiri aangalie mwaka wa mwongozo wake. Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kushika mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi, na hivyo mazoezi ya miguu yamekuwa nusu ya kazi yake. Tangu Julai 2025 akiushikilia mpira zaidi ya sekunde 8 timu pinzani hupewa kona. Miongozo ya zamani bado inataja sekunde 6 na adhabu nyingine. Kuhusu nguzo mbili na kile kilichozilaza juu yake, "mwamba" na "mtambaa wa panya" yote mawili yametoka katika ujenzi wa nyumba zetu, na walimu watakaotuandikia jinsi wanafunzi wao wanavyoyatumia, pamoja na maneno ya Kiluguru ya vitendo tulivyovitaja, watatusaidia kuandaa orodha kamili. Lugha za kindugu zimekwisha kutupa mengi, kama "ngeli" kutoka Kihaya.