Siku 120 za Seli Nyekundu

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuchora seli ya mnyama: utando kwa nje, saitoplazimu ndani, kiini katikati, mitokondria hapa na pale. Mchoro huo ni sahihi, lakini seli zilizo nyingi kuliko zote mwilini mwake hazifanani nao. Seli nyekundu ya damu haina kiini, haina mitokondria, haina ribosomu. Na katika seli trilioni 30 hivi za mtu mzima, zaidi ya nane katika kila kumi ni za aina hii. Swali zuri la kuanzia somo la baiolojia basi ni hili: seli iliyokosa karibu kila kitu kilichotajwa kitabuni inaishije, na ukosefu huo unaufaa nini mwili?

Kuvua ili kubeba

Seli nyekundu huzaliwa kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, na mwanzoni ina kiini kama nyingine. Kwa siku kadhaa kiini hicho hutoa maagizo ya kutengeneza protini moja kwa wingi, himoglobini, yenye madini ya chuma na inayoipa damu rangi yake. Kazi hiyo inapokaribia kwisha, seli hukisukuma kiini nje, kisha huingia kwenye mzunguko wa damu huku ikimalizia kuondoa mitokondria na ribosomu zake. Uboho wa mtu mwenye afya hutoa zaidi ya seli milioni mbili za namna hii kila sekunde.

Kinachobaki ni utando uliojaa himoglobini, takriban molekuli milioni 270 katika seli moja. Kila molekuli ina minyororo minne ya protini na atomu nne za chuma, na kila atomu hushika molekuli moja ya oksijeni. Mitokondria zingebaki, zingeitumia oksijeni hiyo njiani. Bila hizo, seli hujipatia nishati kwa kuvunja glukosi pasipo kutumia oksijeni, nayo ni kama mchukuzi anayefikisha gunia bila kulidokoa.

Umbo lake nalo lina kazi. Ni kisahani kilichobonyea pande zote mbili, chenye upana wa mikrometa 7 hadi 8, kiasi kwamba seli 130 hivi zikipangwa ubavu kwa ubavu ndipo zinafikia milimita moja. Kubonyea huko huongeza eneo la utando ambalo oksijeni hupitia, na huifanya seli iweze kujikunja. Kapilari nyingi, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni nyembamba kuliko seli yenyewe, hivyo isiyojikunja haipiti. Kuku, chura na samaki wana seli nyekundu zenye kiini, lakini mamalia wote, binadamu akiwa mmoja wao, huishi na seli zilizokivua.

Gharama yake ni umri mfupi. Seli isiyo na kiini wala ribosomu haiwezi kutengeneza protini mpya kuziba palipochakaa. Mtu akiwa ametulia, seli huuzunguka mwili kwa muda wa kama dakika moja, na ndani ya siku 120 huwa imekwisha kuuzunguka zaidi ya mara laki moja. Utando unapokakamaa, seli za ulinzi zilizomo kwenye bandama na ini huimeza, na chuma chake hurudishwa kwenye uboho kuanza kazi upya.

Herufi moja

Maagizo ya kutengeneza himoglobini yamo kwenye DNA, na mnyororo mmoja wa protini hiyo, uitwao beta, una asidi amino 146. Kwa watu wenye jeni ya selimundu, herufi moja tu ya DNA imebadilika, na asidi amino ya sita ikawa valini badala ya asidi glutamiki. Vernon Ingram alilithibitisha hilo huko Cambridge katika miaka ya 1956 na 1957. Kabla yake, mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba ugonjwa wa selimundu chanzo chake ni molekuli ya himoglobini yenyewe.

Badiliko hilo dogo lina matokeo makubwa. Himoglobini iliyobadilika inapotoa oksijeni, molekuli zake hugandana na kujipanga kuwa nyuzi ngumu. Nyuzi hizo huisukuma seli mpaka ikajipinda mfano wa mundu. Seli iliyopinda haijikunji tena, hukwama kwenye kapilari na kuzuia damu, na sehemu iliyo mbele yake hukosa oksijeni. Ndipo yanapotokea yale maumivu makali ya mifupa na viungo ambayo wagonjwa wanayajua. Badala ya siku 120, seli hizi huishi siku 10 hadi 20 tu. Uboho hushindwa kwenda na kasi hiyo, damu hupungua na macho huwa ya manjano. Bandama, iliyokwisha kuumizwa na seli zinazokwama ndani yake, hushindwa kumlinda mtoto dhidi ya bakteria.

Kwa nini jeni hii haikutoweka?

Jeni inayoua watoto walioirithi kwa wazazi wote wawili ingetarajiwa kupungua kizazi baada ya kizazi. Jibu la fumbo hilo lilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alifuatana na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya, akachukua damu za watu wa jamii mbalimbali. Pwani na karibu na Ziwa Victoria aliwakuta watu wengi wenye jeni hii, asilimia 20 na zaidi. Katika nyanda za juu na maeneo makavu walikuwa chini ya asilimia moja. Mpangilio huo ulifuata ule wa malaria.

Baadaye alipima watoto 290 wa Buganda. Kati ya 43 waliokuwa na jeni ya selimundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, wenye vimelea walikuwa 113, karibu asilimia 46. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954.

Sababu tunaikuta ndani ya seli ileile. Kimelea cha malaria huingia kwenye seli nyekundu, hula himoglobini yake, huzaliana, na baada ya saa 48 hivi huipasua ili watoto wake wavamie nyingine. Kwa mtu aliyerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, hali inayoitwa AS, kimelea hukua kwa shida, na seli iliyovamiwa huelekea kupinda na kuondolewa mapema. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa hali ya AS huwakinga watoto dhidi ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Mwenye AS bado huugua malaria na anahitaji chandarua kama wengine, ila uwezekano wa kufa ni mdogo. Walionusurika walizaa, na jeni ikaendelea. Uteuzi asilia ambao vitabu huueleza kwa mifano ya visiwa vya mbali umeandikwa katika damu ya Mombasa, Kisumu, Mwanza na Kampala.

Elimu inayookoa

Wazazi wawili wenye AS wanaweza kuwa na afya njema miaka yote na wasijue kwamba wana jeni hii. Katika kila ujauzito wao, uwezekano wa mtoto kurithi jeni kutoka kwa wote wawili, yaani SS, ni mmoja katika minne. Hakuna laana hapo, na hakuna sababu ya kumlaumu mama peke yake, kwa maana mtoto wa SS amepokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, na makadirio hufikia 11,000 kila mwaka.

Miezi ya mwanzo mtoto huonekana mzima, kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta na hivyo haiguswi na badiliko lile. Inapopungua, karibu na mwezi wa sita, dalili huanza, mara nyingi kwa mikono na miguu kuvimba. Hapo ndipo wengi hupotea, wakidhaniwa kuwa na malaria au homa tu. Lakini kipimo cha damu wakati wa kuzaliwa kinaweza kuutambua ugonjwa kabla ya dalili, na matunzo yake hayahitaji miujiza: penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo, kinga ya malaria, na dawa ya haidroksiurea. Dawa hiyo huufanya mwili utengeneze tena himoglobini ya tumboni. Utafiti uliohusisha watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanaoitumia hupungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo.

Kwa hiyo somo la seli lisiishie kwenye mchoro wa mtihani. Kijana anayejua kwa nini seli nyekundu lazima ijikunje ataelewa kwa nini mgonjwa wa selimundu huambiwa anywe maji mengi na ajikinge na baridi. Anayejua jinsi jeni zinavyorithiwa atapima damu kabla ya kuoa au kuolewa, kisha ataamua akiwa anajua. Na kila wodi ya wazazi ikiwa na kipimo hicho, mtoto wa SS ataanza tiba kabla seli za mwanzo hazijapinda.