Kushiriki bila Ushirikina: Ibada ya Pamoja katika Maskani za Gandhi

Utangulizi

Maneno kushiriki na ushirikina yameingia katika Kiswahili kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu. La kwanza husifiwa, la pili huogopwa. Undugu wa maneno haya unadokeza tatizo linalowakabili waumini wa dini mbalimbali wanapotaka kuomba pamoja: je, watu washiriki vipi ibada bila mmoja wao kuhisi kwamba imani yake imechanganywa na ya mwenzake? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea sala za pamoja alizoziendesha Mohandas Gandhi (1869-1948).

Mapokeo ya Bhakti

Chimbuko la sala hizo ni mapokeo ya Kihindu yaitwayo bhakti, yaani kumwabudu Mungu kwa mapenzi. Neno hili, sawa na bhajan (wimbo wa ibada), linatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kugawana na kushiriki. Washairi wengi wa bhakti walitunga kwa lugha za watu wa kawaida badala ya Kisanskriti. Miongoni mwao ni Narsinh Mehta wa karne ya 15, aliyetunga kwa Kigujarati. Wimbo wake uitwao Vaishnav Jan To, ambao Gandhi aliuenzi mno, unamweleza mfuasi wa kweli wa Vishnu kwa mwenendo wake: huutambua uchungu wa wengine, na akiwasaidia hajivuni. Kipimo cha aina hii chaweza kutumiwa hata na asiye Mhindu.

Kutoka Afrika Kusini hadi India

Mwaka wa 1910, katika Shamba la Tolstoy karibu na Johannesburg, Gandhi aliishi pamoja na Wahindu, Waislamu, Wakristo na Waparsi. Mwezi wa Ramadhani ulipowadia, aliwahimiza vijana wasio Waislamu wafunge pamoja na wenzao. Hawakutakiwa kusilimu; walitakiwa kumwauni jirani katika ibada yake.

Huko India, katika maskani za Sabarmati na baadaye Sevagram, sala zilifanywa alfajiri na jioni. Ile ya jioni ilikuwa na beti za sura ya pili ya Bhagavad Gita zinazomsawiri mtu mwenye akili iliyotulia. Kadiri miaka ilivyosonga, Kurani, nyimbo za Kikristo, na sala za Kizoroasta na za Kibuddha zilipewa nafasi pia. Ikumbukwe kuwa kila dini ilisikika kwa maneno yake yenyewe. Al-Fatiha ilisomwa kwa Kiarabu.

Hata hivyo, wimbo wa kumsifu Rama ulioimbwa katika sala hizo ulitiwa maneno yanayolitaja jina la Allah kuwa ni la Mungu yuyo huyo. Hapa mpaka kati ya kushiriki na kuchanganya ulififia, na si kila muumini angeridhia.

Mtihani wa 1947

Mwaka wa 1947, India ilipokuwa ikigawanywa na damu ikimwagika, baadhi ya watu mjini Delhi walipinga Kurani kusomwa mbele ya Wahindu. Gandhi hakukubali kuiondoa, maana kufanya hivyo kungekuwa kuwafukuza Waislamu. Lakini mara kadhaa alikatiza sala yote badala ya kuacha umati umnyamazishe mpinzani. Kwake, sala ya kulazimishana haikuwa sala. Tarehe 30 Januari 1948, Mhindu mwenziwe, Nathuram Godse, alimpiga risasi na kumuua alipokuwa akielekea kwenye sala ya jioni.

Hitimisho

Katika sherehe za kitaifa nchini Kenya, viongozi wa Kikristo, Kiislamu na Kihindu huliombea taifa kwa zamu. Utaratibu huo unakaribiana na ule wa Sabarmati, ila kusikiliza sala ya mwingine kwa dakika chache ni jambo jepesi. Sala za Gandhi zinabainisha masharti mawili mazito zaidi: kutomtoa mwenzako ili kuwaridhisha walio wengi, na kutomlazimisha anayekataa. Anayeyatimiza masharti hayo aweza kushiriki ibada na jirani yake, na kila mmoja akabaki na imani yake.